Maradhi ya ukoo si laana, ni hesabu ya herufi

Na Mwandishi Maalum, Rumonge

KUNA maradhi ambayo majirani huyapa jina kabla daktari hajayaona. Mtu wa miaka 40, aliyekuwa akilima na kupiga kasia bila shida, anaanza kudondosha vitu. Mabega yanarukaruka bila yeye kutaka, mguu unakwenda upande, hasira zinampanda bila sababu. Mtaani watasema amelewa. Akithibitika kwamba hanywi, watasema amerogwa. Na wakikumbuka kwamba baba yake naye alikwisha hivyo hivyo, hapo hukumu inatolewa: ukoo ule una laana, msioe wala msiolewe kule.

Kwa sisi tuliorejea kutoka ukimbizini hukumu hiyo huongezewa chumvi. Husemwa kwamba tumerudi na mambo ya huko. Na familia nyingi hazina wa kujibu, maana wazee waliowajua mababu walizikwa Ulyankulu, Katumba au Mishamo, na wengine haijulikani walizikwa wapi.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu kundi moja la magonjwa ya kurithi ambayo sayansi imeyafahamu vizuri tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chanzo chake si uchawi wala kosa la mtu. Ni herufi chache ndani ya mwili zilizorudiwa mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Ukishaelewa jambo hilo, utaona pia kwa nini habari za babu na bibi zina thamani kuliko tunavyodhani.

Kitabu chenye herufi nne

Ndani ya seli za mwili wa binadamu kuna maelekezo ya namna ya kuujenga na kuuendesha mwili huo. Maelekezo hayo ndiyo vinasaba. Yameandikwa kwa kemikali nne ambazo wataalamu huziita kwa herufi A, C, G na T. Kila mtu ana nakala mbili za kitabu hicho, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Sehemu ya kitabu yenye agizo moja huitwa jeni.

Katika baadhi ya jeni kuna mahali ambapo herufi tatu hujirudia mfululizo, kwa mfano CAG, CAG, CAG. Kujirudia si ugonjwa. Hata Kiswahili chetu hurudia neno ili kupata maana nyingine: pole ni pole, polepole ni taratibu. Lakini mtu akiandika pole mara 45 katika mstari mmoja, maana inapotea.

Tatizo lingine liko katika kunakili. Mimi ni mwalimu, na mwalimu yeyote anaweza kulifanya jaribio hili. Mpe mwanafunzi wa darasa la tano neno pole, umwambie aliandike mara tano bila kuacha nafasi. Atapata. Mwambie aliandike mara 45. Mmoja ataandika 44, mwingine 47, na ukimpa wa tatu anakili kutoka kwa huyo wa 47 huenda akafika 52. Kadiri mstari unavyokuwa mrefu ndivyo jicho linavyopotea. Mwili nao, unaponakili vinasaba ili kutengeneza mbegu ya baba au yai la mama, huteleza hivyo hivyo penye marudio mengi. Kwa hiyo hesabu inaweza kupanda kutoka kizazi hadi kizazi.

Hesabu inapopita mpaka

Ugonjwa unaojulikana zaidi katika kundi hili ni ule wa Huntington. Jeni yake iko katika kromosomu ya 4, na herufi zinazorudiwa ni hizo CAG. Kila CAG huiambia seli iongeze tofali moja la aina fulani katika protini iitwayo huntingtini. Matofali yakizidi, protini inaharibika umbo, na seli za ndani ya ubongo zinazosimamia miendo, fikra na hisia huanza kufa.

Wafanyabiashara wa Kobero na Manyovu wanajua maana ya mpaka, kwa hiyo hesabu hii hawatashindwa kuifuata. Mwenye marudio 26 au pungufu yuko salama. Mwenye 27 hadi 35 haugui yeye mwenyewe, ila hesabu inaweza kupanda kwa mtoto wake. Mwenye 36 hadi 39 anaweza kuugua au asiugue. Mwenye 40 na kuendelea ataugua akijaliwa umri wa kutosha. Wanaozidi 60 mara nyingi huugua wakiwa watoto au vijana.

Dalili kwa kawaida huanza kati ya miaka 30 na 50. Wakati huo mtu ameshaoa au kuolewa na ameshazaa. Kuanzia hapo mgonjwa huishi wastani wa miaka 15 hadi 20, akipoteza kidogo kidogo uwezo wa kutembea, kusema, kumeza na kufikiri sawasawa.

Hapa kuna tofauti na seli mundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua. Ili mtoto augue seli mundu, lazima arithi kasoro kwa baba na kwa mama pia. Huntington huhitaji mzazi mmoja tu. Kila mtoto wa mgonjwa, wa kiume au wa kike, ana nafasi ya nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Na kila mtoto hurushiwa sarafu yake. Mzazi mwenye watoto sita anaweza kuwarithisha wote, wawili au asimrithishe hata mmoja. Asiyerithi hana cha kuwapa wanawe, na kwake yeye mnyororo umekatika.

Kwa nini basi aliyezaliwa na kasoro asiugue tangu utotoni? Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 nchini Marekani umetoa mwanga mkubwa. Katika seli fulani za ubongo hesabu haikai palepale, bali hupanda taratibu maisha yote. Seli huonekana kuvumilia miaka mingi mpaka marudio yakaribie 150, kisha huharibika haraka na kufa. Ni kama deni la duka linaloongezeka kila siku bila mwenye duka kusema neno, mpaka siku anapofunga mlango.

Daktari aliyesoma daftari la babu yake

Ugonjwa huu una jina la George Huntington, daktari kijana wa Marekani aliyeueleza kwa maandishi mwaka 1872 akiwa na miaka 22 hivi. Wenye umri huo hawajaona wagonjwa wengi. Yeye aliwezaje kuona kwamba ugonjwa unapita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kwamba ukishamruka mtu, haurudi tena kwa watoto wake?

Jibu ni kwamba baba yake alikuwa daktari, na babu yake pia alikuwa daktari, wote katika eneo lile lile la Long Island, jimboni New York. Babu aliwaona wagonjwa wa kizazi kimoja, baba akawaona watoto wao, naye mjukuu akawa na kumbukumbu za wote wawili. Maradhi yanayochukua vizazi vitatu kujionyesha yalihitaji vizazi vitatu vya watu wanaotunza habari.

Ndugu msomaji, uliangalie jambo hilo kwa macho ya mtu aliyekimbia mwaka 1972, au ya mtoto aliyezaliwa kambini. Sisi ndio tuliokatiwa daftari.

Wavuvi wa Ziwa Maracaibo

Kule Venezuela, Amerika ya Kusini, kando ya Ziwa Maracaibo, kuna vijiji vya wavuvi maskini ambamo ugonjwa huu ni mwingi kuliko mahali pengine popote duniani. Wenyeji waliuita tu "el mal", yaani ule ubaya. Katika miaka ya 1950 daktari wa huko, Américo Negrette, aliwachunguza watu ambao wengine waliwaona kuwa ni walevi, akaonyesha kwamba wana ugonjwa wa Huntington.

Mwaka 1979 mwanasayansi wa Marekani Nancy Wexler alianza kwenda huko na wenzake. Hakuwa mgeni wa jambo hilo, kwani mama yake mzazi aligunduliwa kuwa na ugonjwa huo mwaka 1968, na yeye mwenyewe alikuwa na nafasi ile ile ya sarafu. Mwaka baada ya mwaka timu yake ilikaa na wavuvi, ikachukua damu na kuuliza maswali ambayo shangazi yeyote wa kwetu angeweza kuyajibu: huyu ni mtoto wa nani, mama yake alikufaje, alianza kuugua akiwa na miaka mingapi? Polepole ukachorwa mti wa ukoo wenye zaidi ya watu 18,000 katika vizazi 10, wengi wao wakiwa ni uzao wa mwanamke mmoja aliyeishi karne ya 19.

Kwa msaada wa damu na majina hayo, mwaka 1983 James Gusella na wenzake walitambua kwamba kasoro iko katika kromosomu ya 4. Ikachukua miaka 10 zaidi, na mwaka 1993 jeni yenyewe ikapatikana, pamoja na yale marudio ya CAG. Tangu hapo damu kidogo inatosha kutoa jibu.

Lisisahauliwe kwamba walioupa ulimwengu elimu hii ni wavuvi wasio na kitu. Mwaka 2017 baadhi ya familia za Amerika ya Kusini zenye ugonjwa huu zilikutana na Papa Fransisko mjini Vatikani, na ujumbe wa siku hiyo ulikuwa kwamba ugonjwa usifichwe tena. Lakini umaskini wa vijiji vile haukuisha kwa sababu ya ugunduzi.

Waafrika nasi tumo

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba Huntington ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba kwa watu wa asili ya Ulaya huonekana zaidi, kiasi cha watu 10 hivi au zaidi kidogo katika kila 100,000. Lakini umewahi kuthibitishwa Afrika pia. Na pasipo na kipimo, mgonjwa haingii katika hesabu yoyote.

Zaidi ya hayo, mwaka 2001 watafiti walieleza ugonjwa wa pili unaofanana nao sana kwa dalili, lakini jeni yake iko katika kromosomu ya 16. Huo nao hutokana na herufi tatu kurudiwa kupita kiasi, na umepatikana kwa watu wenye asili ya Kiafrika. Afrika Kusini ndiko ulikochunguzwa zaidi. Maana yake kwa mgonjwa wetu ni kwamba kipimo cha Huntington kikionyesha hana, na dalili pamoja na historia ya ukoo zinaonyesha anao, daktari anapaswa kufikiria na huu wa pili kabla ya kumrudisha nyumbani bila jibu.

Mtoto asiyeshika masomo

Wapo pia wanaoguswa na marudio haya wakiwa darasani. Kuna ugonjwa unaotokana na herufi CGG kurudiwa katika jeni iliyo kwenye kromosomu X. Jeni hiyo iligunduliwa mwaka 1991. Marudio chini ya 45 ni ya kawaida. Kati ya 55 na 200 mtu ni mbebaji. Yakizidi 200 jeni hufungwa kabisa, na mtoto, hasa wa kiume, hupata ulemavu wa akili. Huchelewa kusema, huepuka kumtazama mtu machoni, hupungapunga mikono, hushtushwa na kelele. Ugonjwa huu hukadiriwa kumpata mtoto mmoja wa kiume katika kila 4,000 hivi. Wasichana huupata pia, ila mara nyingi kwa nafuu, kwa kuwa wana kromosomu X mbili.

Katika hali hii hesabu hupanda kwa mtoto inapopitia kwa mama. Ndiyo maana mama hulaumiwa, na wengine hurudishwa kwao. Lakini mama huyo anaweza kuwa ameirithi kwa baba yake, mzee mwenye afya na heshima zake, aliyekuwa na marudio 70 bila kujua. Mwanamume mbebaji huwapa binti zake wote, wala hawapi wana wake wa kiume. Sasa wakwe wanaomfukuza mke watamfukuza nani mwingine? Nchini Cameroon watafiti wamefuatilia ugonjwa huu katika kijiji kimoja cha mashambani, wakipima ndugu mmoja baada ya mwingine kwa kufuata mti wa ukoo, jambo linaloonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana hata mbali na miji mikubwa.

Nawaomba walimu wenzangu jambo moja. Mtoto asiyeshika masomo na anayeogopa kelele, msimchape ili ashike. Fimbo haipunguzi herufi. Muite mzazi, uulize kama wajomba zake nao walikuwa hivyo.

Kupima au kutopima

Msomaji atauliza: kama kipimo kipo, kwa nini watu wasikimbilie? Jibu ni kwamba kwa Huntington kipimo kinaweza kukuambia kitakachokuja, lakini hakuna dawa inayouponya. Zipo dawa za kupunguza mitikisiko, huzuni na hasira, yapo mazoezi ya viungo, ipo namna ya kumlisha mgonjwa asipaliwe. Kuuondoa ni jambo jingine.

Kwa sababu hiyo wengi wenye mzazi mgonjwa huchagua kutopima. Nancy Wexler, ambaye kazi yake ndiyo iliyowezesha kipimo, hakusema hadharani kuhusu hali yake kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2020 alipotangaza kwamba naye anao. Wengine huchagua kupima ili wapange kuoa, kuzaa au kugawa mali. Wote wana haki. Kanuni inayofuatwa na wataalamu ni kwamba ushauri nasaha hutangulia kipimo, mtu hupimwa kwa hiari yake, na mtoto asiye na dalili hapimwi mpaka awe mtu mzima aamue mwenyewe. Mkwe hana mamlaka ya kudai majibu hayo, wala mwajiri.

Mwezi Septemba mwaka 2025 kampuni ya uniQure ilitangaza kwamba katika jaribio la tiba inayopelekwa ndani ya ubongo kwa upasuaji, ugonjwa ulipungua kasi kwa asilimia 75 katika kipindi cha miaka mitatu. Ni habari ya matumaini, lakini waliopata kipimo kikubwa cha tiba na kufuatiliwa muda huo walikuwa watu 12 tu. Basi atakayekuuzia chupa sokoni akisema dawa imefika, ujue anakuibia.

Tufanye nini

Kwanza, tusijipe ugonjwa wenyewe. Kutikisika kuna sababu nyingi: ugonjwa wa tezi ya shingo, baadhi ya dawa za akili, pombe, homa ya moyo kwa watoto. Nyingi kati ya hizo zinatibika. Mgonjwa aende hospitali, na ikiwezekana aombe kuonwa na daktari wa neva.

Pili, tuandike. Asikae mtu akisema kumbukumbu zimepotea, maana sehemu kubwa haijapotea, imetawanyika. Mwaka 2008 na 2009, familia za 1972 zilipoulizwa zirudi au zichukue uraia wa Tanzania, ndugu wa tumbo moja waligawanyika. Mimi nilizaliwa Ulyankulu na nikasomea huko. Nilirudi mimi, dada wa baba akabaki, na ni yeye anayejua babu alikufaje. Wengine wana mjomba Uvira na binamu Kasulu. Habari za ukoo mmoja zimelala katika nchi tatu.

Hapa ndipo ninapowaomba wafanyabiashara wa mipakani. Wewe unayevuka Manyovu na ndagala au Gatumba na vitenge, umezoea kubeba salamu na fedha za watu. Beba na maswali haya manne kwa wazee waliobaki: ni nani katika ukoo aliyeugua hivi, alianza akiwa na umri gani, alikufa na umri gani, na alikuwa wa upande wa baba au wa mama? Majibu yaandikwe kwenye daftari la shule la kurasa 48 na kuwekwa pamoja na vyeti. Siku daktari atakapouliza historia ya familia, daftari hilo litafanya kazi ambayo hakuna mashine inayoweza kuifanya.

Wapo waliopotezana na wazazi wakiwa wadogo na kulelewa na wasamaria. Hao hawana wa kumuuliza. Kwao daftari lianze na wao wenyewe, ili watoto wao wapate kitu cha kuanzia.

Tatu, tuache kuficha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mzee anayejua kwamba ndugu zake watatu walikufa wakitikisika, akanyamaza ili binti aolewe, hajamlinda binti huyo. Amemnyima nafasi ya kuamua akiwa na macho wazi. Na sisi majirani tusiwe sababu ya yeye kunyamaza. Familia itasema ukweli pale tu inapojua kwamba ikiusema haitatengwa kisimani wala kanisani wala msikitini.

Mgonjwa hakuchagua idadi ya herufi zake, kama ambavyo hakuna kati yetu aliyechagua upande wa mpaka wa kuzaliwa.